Mto wa Kuegemea Uliohama Usiku

Mwanamke mmoja alisikia mguno saa nane za usiku. Haukuwa wa mtoto, mtoto alikuwa amelala ubavuni mwake, na haukuwa wa mbuzi wa jirani, maana mbuzi wa jirani alichinjwa Krismasi. Ulikuwa mguno wa mtu anayetua mzigo baada ya kuubeba njia nzima. Haaa-iii. Kisha kimya. Mwanamke akapapasa nyuma ya mgongo wake. Mto haupo.

Alijifunika shuka mpaka kichwani, akaanza sala, akafika nusu, akasahau iliyobaki, akarudia mwanzo, akasinzia. Asubuhi mto ulikuwa miguuni pake, umekaa vizuri kama mgeni anayesubiri chai. Ulikuwa usiku wa nne mfululizo.

Mwanamke huyo aliitwa Tulizo, mzazi wa siku tisa, tena kwa operesheni. Alikaa na mumewe Festo katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, zile zilizojengwa mstari mmoja, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, ukipiga chafya nyumba ya kwanza unapewa pole kutoka nyumba ya tatu. Chumba kilikuwa kimoja. Ukilala kitandani ukanyoosha miguu, vidole vinagonga mlango, na anayebisha hodi hajui kama amejibiwa kwa mdomo au kwa mguu. Festo alikuwa amehamia kwa muda kwa vijana wenzake wa kiwandani, kwa sababu mama yake mzazi alikuja kumlea mkamwana wake, na mwanamume mzima halali chumba kimoja na mama yake.

Sasa huo mto. Nesi alisema mshono ule hautaki mtu alale chali kisha ainuke kwa ghafla, mzazi aegemezwe, mgongo upate kitu cha kuushika, ndipo ataweza kumpakata mtoto na kumnyonyesha mpaka ashibe. Mtoto alizaliwa na kilo tatu, zikashuka zikawa mbili na robo tatu. Nesi akaandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu: Ijumaa. Ijumaa mtoto akiwa hajarudisha kilo zake, yeye na mama yake wanakwenda kulazwa tena hospitali ya wilaya. Tulizo aliiweka kadi ile chini ya godoro, akawa anailalia kama mtu anayelalia nyoka.

Festo hakuwa na fedha ya kununua mto wa namna hiyo, basi akautengeneza. Alichukua sponji la kiti cha lori bovu lililotupwa nyuma ya kiwanda, akalikata, akalipanga nene chini na jembamba juu, akalitilia mikono miwili, huku na huku, kama kiti kisicho na miguu. Kitambaa kigumu ndani ya nyumba kilikuwa kimoja tu, sketi ya shule ya Tulizo, ile ya kidato cha nne, yenye marinda. Akaufunika mto kwa sketi. Jirani yao Mama Agripina alipouona alipiga makofi, akasema, "Jamani, hatimaye elimu imempa mtu pa kuegemea!"

Watu walikuja kumwona mtoto, wakauona mto. "Hili kochi miguu yake iko wapi?" "Sogea kidogo, mwanangu, nijaribu." Mzazi anasogezwa ukutani, mgeni anaegemea, anafumba macho, anapewa na uji. Aliyekataa kuugusa alikuwa mmoja tu, mama mkwe.

Mama huyo aliitwa Sikujua, na alichuma chai miaka ishirini na saba, kapu mgongoni, mvua na ukungu. Kwa kazi hana mfano. Alichemsha maji ya kumkanda mzazi, alikoroga uji wa pilipili manga, alifua nepi kabla jogoo hajafikiria kuwika, na usiku alilala kwenye kigodoro sakafuni, kando ya kitanda, kichwa mlangoni. Lakini mto ule aliutazama kama mtu anavyomtazama mkwe mvivu.

"Mimi huyo Festo nilimzaa asubuhi," aliwaambia wageni, "jioni nikapeleka majani yangu kwenye mizani. Nani aliniegemeza? Mgongo Mungu kaupa mfupa wake. Siku hizi mnazaa na mito!"

Wageni wakacheka. Tulizo naye akacheka, kwa upande mmoja tu, upande usio na mshono.

Na kila usiku mto ukaondoka. Anaegemea vizuri, anasinzia, akishtuka yuko chali kabisa, mshono unavuta, mtoto analia, na yeye kuinuka hawezi, anamnyonyesha nusu nusu kwa kujipinda, maziwa yanaingia sikioni mwa mtoto. Alipouliza kwa adabu, akaambiwa, "Unaurusha mwenyewe, mwanangu. Unapiga mateke usiku kucha kama punda." Basi akaogopa. Alikuwa amesikia, na nani hajasikia, kwamba kuna wazazi ambao akili huwatoka baada ya kujifungua, na huanza hivihivi, unaona vitu vinatembea. Ijumaa watampima mtoto, na yeye je, watampima kwa mizani gani? Wakisema huyu hafai kukaa na kichanga? Hakumwambia Festo. Hakumwambia mtu. Utaanzaje kumwambia mwanamke anayekufulia nepi kwamba ndani ya nyumba kuna mto unaotembea?

Jumatano jioni alifanya neno la mtu aliyesoma. Alitwaa vikombe viwili vya bati na kifuniko cha sufuria, akavifunga kwa uzi wa gunia kwenye mkono mmoja wa mto, akavificha chini ya blanketi. Mama mkwe alitafuta vikombe chumba kizima, na chumba kizima ni hatua tatu.

"Vikombe vimekwenda wapi humu?"

"Sijui, mama."

Akanywea chai kwenye kifuniko cha chupa, akinung'unika kuwa watoto wa siku hizi hata vyombo vinawakimbia.

Saa nane, kwangala! Kikombe cha kwanza kikapiga sakafu, cha pili kikakifuata, kifuniko kikakatika uzini, kikazunguka, kikazunguka, kikijishangilia peke yake. Mtoto akapiga yowe. Na ukuta ukasema, kwa sauti ya Baba Agripina, "Nani huyo? Mwizi! Mwizi kwa Festo, na humo wamo wanawake tu!" Likasikika panga likitolewa chini ya kitanda, komeo likafunguka, miguu ikatoka nje.

Tulizo akawasha tochi ya simu.

Mama mkwe alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, kilemba amekivua, mgongo kwenye mto na mto kwenye mlango. Ile mikono miwili ya sponji ilikuwa imemkumbatia. Kikombe kimoja kilining'inia kwenye uzi, kifuani kwake, kama kengele ya ndama. Na gauni lilikuwa limeteleza mabegani, na kwenye kila bega kulikuwa na mstari mweusi, umezama ndani ya nyama, pale mikanda ya kapu ilipopita miaka ishirini na saba. Macho yake hayakuwa ya mwizi. Yalikuwa macho ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Basi hapo Tulizo alijua kwamba hana wazimu. Hilo ndilo alilolitafuta usiku wote wa wiki ile, na sasa analo mkononi, afungue mdomo tu, ukuta usikie, na kabla majani ya asubuhi hayajafika kwenye mizani shamba zima litajua nani anaegemea na nani anajisifu. Nje Baba Agripina aligonga mlango, na mlango ule ndio uliokuwa nyuma ya mgongo wa yule mama.

"Tulizo! Sema, mwanangu! Nivunje?"

Mama mkwe akanong'ona, "Usimwambie mtu."

Ni neno hilo moja tu. Mwanamke aliyekuwa na maneno kwa kila mgeni, usiku ule alibaki na hilo.

"Usivunje, baba!" Tulizo akaita. "Ni mimi, nimeangusha vikombe."

"Vikombe, saa nane?"

"Mzazi ana njaa, baba."

"Haya. Na mama yenu hajaamka kwa kelele zote hizo?"

Tulizo akamtazama. "Hajaamka. Yeye akilala, amelala."

"Yule mama ni chuma!" Mama Agripina akasema kutoka upande wa pili wa ukuta, bila hata kuinua sauti. Na pale sakafuni chuma kikajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Sasa mtoto anazidi kulia, na Tulizo hawezi kuinuka, na mto uko chini. Mama mkwe akaanza kusimama. Alisimama kwa vipande, goti kwanza, kisha mkono kwenye kitanda, kisha ule mguno, haaa-iii, uleule. Akaupandisha mto kitandani. Tulizo akadhani anarudishiwa, lakini mama akasema, "Sogea," akapanda na yeye, akausimamisha mto katikati, mikono upande wa mzazi, akageuka, akaketi upande wa pili.

Wakaegemeana. Mgongo kwa mgongo, sponji la lori katikati na sketi ya kidato cha nne juu yake. Mmoja akilegea, mwenzake anarudi nyuma, basi ikabidi kila mmoja amsukume mwenziwe kidogo, si sana, kiasi cha kumshika. Tulizo akampakata mtoto. Mtoto akanyonya upande wa kwanza akamaliza, akanyonya wa pili akamaliza, akalala mdomo wazi kama mlevi.

Gizani mama mkwe akasema, "Kapu lilikuwa zito, lakini lilinishika mgongo. Tangu nilitue, mgongo wangu haujui ukae wapi."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Ningesema nini? Nimeshawaambia watu wote."

Usiku wa Alhamisi wakakaa vilevile. Ijumaa nesi akamlaza mtoto kwenye mizani, na mizani ikasema kilo tatu na kitu kidogo juu. Tulizo akalia palepale kwenye benchi, nesi akadhani mshono unauma. Mama mkwe akasema, "Ni uji wangu."

Jioni wageni wakaja tena, wakajaza chumba, mmoja akauliza habari za kochi lisilo na miguu, na mama mkwe akasimama katikati yao, wima kabisa, akasema, "Siku hizi mnazaa na mito!" Wakacheka. Tulizo alimtazama tu jinsi alivyoinama, akauchukua mto, akaupigapiga taratibu pale ulipobonyea, na ulikuwa umebonyea pande mbili.

Sasa niwaulize, ninyi ambao mnasema hamjawahi kuegemea kitu tangu mzaliwe: kwenu, asubuhi, mto unaokotwa upande gani?

Msinijibu, na tafadhali asigeuke mtu kutazama nyuma. Tulizo alimwapia mama mkwe wake kuwa hatamwambia mtu. Nimewaambia ninyi tu, na sitamwambia mwingine.