Orodha ya Waliovunja Kimya

"Weye uliandika jina yangu juu ya nini, Noella?"

"Juu ulisema."

"Nilisema 'Mungu wangu'! Mu mafungo, mutu akiita Mungu, hiyo iko kosa?"

"Sheria iko moja, Libérate. Kimya. Hata ungesema 'amina', ningekuandika."

"Doyeni wa kuhesabu midomo ya watu!" mwenzao Divine alidakia, na uwanja mzima ukacheka.

Kengele ya kumaliza kimya ilikuwa imekwisha kulia, na wasichana walikuwa wamewazunguka kama kuku waliosikia mtama ukimwagwa. Noella Nzeyimana hakutikisika. Yeye ndiye aliyekuwa doyeni, yaani kiongozi wa wanafunzi wote wa shule ile ya masera, watawa wa kike, mjini Uvira, na kitambaa cha buluu alichofunga mkononi kilimtambulisha hata kwa mgeni. Kwapani alibana daftari. Ndani yake mlikuwa na majina saba ya waliovunja kimya cha mafungo, ile siku ya sala na tafakari, asubuhi ile. Kabla ya saa sita alipaswa kulifikisha kwa Masera Pétronille, mkuu wa shule, na jina lolote lililoandikwa humo lisingeitwa Jumapili, Askofu atakapokuja kutoa Kipaimara.

Askofu huja mara moja katika miaka miwili. Msichana wa miaka kumi na sita anaweza kungoja. Lakini bibi yake Libérate alikuwa ameteremka kwa miguu kutoka Lemera, fimbo mkononi, magoti yamevimba, ili aone mjukuu wake akipakwa mafuta. Alikuwa ametamka wazi, bila kuficha neno, kwamba safari nyingine hataiweza; miaka miwili ikipita watamkuta kaburini.

Tuseme ukweli: Noella hakuwa na roho mbaya. Alikuwa mwaminifu kama mizani. Alipopewa kazi aliifanya, na asubuhi ile alikuwa amepewa kazi ya kulinda kimya.

Kimya chenyewe kilikuwa kitu cha ajabu. Wasichana mia mbili walikaa ufukoni mwa ziwa Tanganyika, nyuma ya kapela, kanisa dogo la shule, bila neno tangu saa moja. Mwanzoni kulikuwa na kikohozi hapa na kicheko cha kubanwa pale. Kisha hata hivyo vikaisha. Wakaanza kusikia vitu ambavyo havikuwa vimewahi kuwafikia: mawimbi yakivuta mchanga na kuurudisha, mbawa za ndege aliyepita juu, damu yao wenyewe ikipiga masikioni.

Ndipo wingu lilipofunguka. Kutoka katika tumbo lake jeusi, mbele ya milima ya Burundi, kitu kilishuka, chembamba kama uzi, kikagusa maji, na maji yakainuka kukilaki. Ukawa mnara wa maji unaozunguka, mrefu kuliko mlima, ukitembea juu ya ziwa bila miguu. Haukuwa na sauti. Hilo ndilo lililotia hofu kuu: kitu kikubwa namna ile, na hakina hata mnong'ono. Ulitembea kwa muda wa Salamu Maria kumi, kisha ukakatika kiunoni, nusu ikarudi winguni na nusu ikaanguka ziwani.

Wasichana saba walipaza sauti. Noella aliwaandika mmoja mmoja, akiamini anamtumikia Mungu.

Sasa, uwanjani, aliona ampige Libérate pigo la mwisho.

"Minye nilikuona vizuri. Ulikaa umepea ziwa mgongo, uso ku ukuta wa kapela, macho umefunga. Ungebaki hivyo, haungeona kitu, haungesema kitu. Nani alikutuma kugeuka?"

Libérate alimkodolea macho. Hasira yote ilimtoka, ukabaki mshangao mtupu.

"Nani alinituma? Si ni weye? Uliita, 'Muangalie! Muangalie kazi ya Mungu!'"

"Minye?"

"Weye. Unafikiri sisi saba tuligeuka juu ya nini?"

Hakuna aliyecheka. Délice, mtoto wa kidato cha kwanza, aliinua kidole kama yuko darasani, akasema kwa heshima ya mdogo kwa dada yake mkubwa: "Ni kweli, yaya Noella. Ulipanda hata juu ya benchi."

Noella alifungua kinywa akane. Koo likamkwaruza. Lilikuwa linamuuma tangu asubuhi, naye alikuwa amelaumu vumbi. Taratibu vikamrudia: ubao wa benchi chini ya nyayo zake, mkono wake umenyooka kuelekea ziwani, kifua kikipasuka kwa furaha iliyofanana na woga. Utukufu ulikuwa umempitia mbele ya macho, na ulimi wake ukakimbia bila kumuaga. Sauti saba alizisikia. Ya nane, iliyozitangulia zote, haikumfikia.

Mwili ulimsisimka, kama kwamba mnara ule ulikuwa umesimama tena, safari hii ndani yake.

Angeweza kunyamaza. Neno la doyeni lilikuwa na uzito kuliko la wengi, na nyumbani gauni lake jeupe lilikuwa limekwisha kupigwa pasi. Aligeuka, akaenda moja kwa moja ofisini, Libérate akimfuata nyuma. Juu ya meza ya Masera Pétronille alifungua daftari, akaweka rula, akayakata majina saba kwa mistari saba. Chini yake akaandika moja: Nzeyimana Noella. Akatia sahihi.

Masera alisoma, akavua miwani. "Wenzako umewafuta kwa nini?"

"Minye ndiye niliwaita, Masera. Niliona kazi ya Mungu nikapiga kelele, kisha nikawaandika wao."

"Basi wao wataitwa. Lakini unajua kwamba Jumapili jina lako halitaitwa?"

"Ninajua. Nitangoja." Alifungua fundo la kitambaa cha buluu, akakilaza juu ya daftari, akamgeukia Libérate. "Kimbia kwa bibi. Mwambie Jumapili utapakwa mafuta."

Libérate alitoka mbio hata hakukumbuka kuaga. Noella alibaki wima mbele ya meza, mkono mtupu, akiwaza jinsi macho yaliyoona makosa ya wasichana saba yalivyoshindwa kuona la mwenye macho. Nyani haoni kundule.