Siku Fisi Alipokuja Kuchukua Ukuaji wa Uchumi

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa na nchi.

Nchi na mfalme wake.

Mfalme ana nini?

Ana tumbo.

Tumboni mna nani?

Mna sisi.

Haya, sogeeni. Wewe uliye karibu na mlango, ufunge. Ngano hii ina fisi ndani yake.

Hapo kale, mfalme wa nchi ya Mikuyuni alikuwa Kiboko. Kila baada ya mavuno, raia wote walikusanyika uwanjani kupima uchumi. Nchi nyingine hupima uchumi zinavyojua zenyewe. Mikuyuni walimpima mfalme. Palikuwa na gogo refu lililolazwa juu ya mwamba. Upande mmoja alipanda Kiboko. Upande wa pili Nyani, waziri wa mizani, alipanga mawe mpaka gogo likalala sawa. Mawe yakizidi ya mwaka uliopita, basi uchumi umekua. Raia walipiga makofi, kisha wakarudi majumbani kulala njaa.

Miongoni mwao alikuwemo Bi Kindi, mama wa watoto watatu wembamba. Naye alipiga makofi. Ungefanyaje, na Nyani anakuangalia?

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Majani yakakauka, mfalme akaanza kukonda, na baraza likaingiwa na hofu. Nyani akasema, "Mtukufu, uchumi unasinyaa. Itabidi tukope."

Ng'ambo ya bonde aliishi Fisi. Fisi hali mtama, ndiyo maana alikuwa nao wa kukopesha.

Fisi akakopesha. Kiboko akala, kwachu, kwachu. Gogo likalia, kwiii. Nyani akatangaza, "Uchumi umekua."

Mwaka wa pili, Fisi akakopesha tena. Kiboko akala, kwachu, kwachu. Gogo likalia, kwiii. Nyani akatangaza, "Uchumi umekua sana."

Mwaka wa tatu Fisi hakuleta mtama. Alikuja mwenyewe, siku ile ile ya kupima uchumi, akakaa mbele kabisa mahali pa wageni. Alikuwa na adabu zake. Alingoja mpaka makofi yaishe, ndipo akasema, "Hongereni kwa kukua. Dawa ya deni ni kulipa."

Kiboko akakohoa huko huko juu ya gogo. "Deni ni la nchi," akasema, "na nchi ni sisi sote. Kila nyumba ilete mbegu zake za kupandia. Leo hii."

Bi Kindi akageuka kuutazama mti wake. Alikuwa na kibuyu kimoja cha mbegu ndani ya tundu la mti. Mbegu zile aliwanyima wanawe usiku waliolia, akawaambia hizi si chakula, hizi ni mwakani. Zikienda, hakuna cha kupanda, na asipopanda watoto hawatauona msimu mwingine. Aliogopa, tena sana. Lakini kindi akiogopa hukimbilia juu, na akifika juu huona vizuri zaidi. Akapanda juu ya rundo la mawe ya mizani.

"Mtukufu," akasema, "mimi nitalipa. Naomba tu kueleweshwa, maana akili yangu ni ya matawini. Tulikopa ili iweje?"

"Ili nchi ikue," akajibu Kiboko.

"Na imekua kweli, Mheshimiwa Waziri?"

"Mawe haya umeyakalia, bado unauliza?" akasema Nyani.

"Nisamehe. Na huo ukuaji wenyewe uko wapi? Nyumbani kwangu nimeutafuta sijauona."

Nyani akacheka kwa huruma, kama mtu anayemcheka mtoto. Akanyoosha kidole. "Ule pale, mama. Si ndio ule uliosimama juu ya gogo?"

Bi Kindi akamgeukia Fisi. "Bwana mgeni, umesikia mwenyewe. Mbegu zangu zilikuwepo kabla hujatukopesha, kwa hiyo si zako. Chako ni kile kilichoongezeka, nacho waziri amekuonyesha. Mimi nani nikuzuie?"

Fisi akainuka. Akamzunguka mfalme polepole, akanusa paja, akanusa mbavu, akameza mate.

"Mhasibu mzuri huyu," akasema. "Nitaanzia na paja."

"Ngoja," akasema Kiboko. "Huu si ukuaji. Nimejaa upepo tu."

"Ni maji, Mtukufu alikunywa maji mengi asubuhi," akadakia Nyani.

"Ni uvimbe," akasema Kiboko. "Mimi ni mgonjwa. Nimekuwa mgonjwa miaka mitatu hii."

Bi Kindi akatikisa mkia kwa masikitiko. "Pole, Mtukufu. Kumbe nchi ilikuwa inaumwa na sisi tunaishangilia. Bwana Fisi, utamla mgonjwa?"

"Mama," akasema Fisi, "mimi ni fisi. Sichagui."

Kiboko akaruka. Gogo likafyatuka, mawe yakatawanyika, Bi Kindi akajikuta juu ya mkuyu bila kupanda. Ti, ti, ti, mfalme mbio, Fisi nyuma yake, moja kwa moja hadi mtoni. Chubwi.

Humo hakutoka, maana Fisi alibaki ukingoni akingoja chake. Mpaka leo kiboko hushinda majini mchana kutwa, kaacha nje masikio tu na matundu ya pua, na ukimuuliza atakwambia anapunga upepo.

Mvua zikanyesha. Kila nyumba ikapanda mbegu zake, na mtama ukastawi kuliko miaka yote. Baada ya mavuno raia wakaja uwanjani kama desturi. Nyani akaliweka gogo lake juu ya mwamba, akautazama upande mtupu wa mfalme, akazidiwa na uchungu. Akatangaza kwa sauti ya kukatika kwamba uchumi umeporomoka, na haijapata kutokea hali mbaya kama hii tangu nchi iumbwe.

Watoto wa Bi Kindi walimsikia. Hawakuweza kupiga makofi, mikono yao ilikuwa imejaa mtama.

Ngano hii, watoto, inatufunza kwamba mkubwa akikopa, mdogo alipe upesi na asiulize maswali, la sivyo nchi itapatwa na balaa kama la Mikuyuni.

Nami nimefika mwisho. Ikiwa tamu, tugawane hapa hapa. Ikiwa chungu, waachieni wajukuu.