Gitaa Lililomkaa Vizuri Ambakisye

Mtu mmoja alikuwa na binti anayekaribia kuolewa, na gitaa lililopasuka shingo. Jina lake Ambakisye, mkulima wa ndizi huku kwetu Tukuyu. Mkewe tulimwita Mama Tumpe kwa jina la huyo binti, maana walijaliwa huyo tu. Gitaa lile la zamani lilikuwa limekaa nyumbani miaka kumi na tisa. Kila jioni wakishakula, kabla ya kusali, Ambakisye alilichukua akapiga, mama akaimba sauti ya kwanza, Tumpe ya pili, na waliokuwa wakipita njiani walisimama kidogo. Nyumba ile haikuwa na kitu kingine cha kujivunia. Paa lilivuja, ng'ombe alikuwa mmoja, na mvua ya huku mnaijua. Lakini walikuwa na saa ile moja ya kukaa pamoja, na mimi niliyeingia nyumba nyingi za Wakristo nawaambia, walio nayo ni wachache.

Posa ya Tumpe ikaja, ikapokelewa, siku ya kumuaga ikapangwa baada ya miezi minne. Binti akamwomba baba yake jambo moja: atakapotoka kwenda kwa mumewe Kyela, atoke kwa wimbo wao wa jioni, na gitaa likilia. Hakuomba kabati, hakuomba kitanda. Baba mtu akasema hilo ni dogo, mwanangu, hesabu limekwisha. Juma lile lile gitaa likaanguka kutoka msumarini, shingo ikapasuka. Fundi akaligeuzageuza, akasema hili sasa ni kuni.

Basi akafunga safari kwenda Mbeya kununua jingine, na mkewe akaenda naye. Sikilizeni hapa, maana mambo yaliharibikia mlangoni pa duka. Walipofika, Ambakisye akamwambia mkewe, "Wewe nenda sokoni kaangalie vitunguu, mimi hapa nitachelewa." Mama akaenda. Mnacheka? Chekeni tu. Nusu ya wanaume mliomo humu mmewahi kumtuma mtu vitunguu.

Mwenye duka aliitwa Gwakisa, mtu aliyepiga muziki wa dansi ujanani mpaka vidole vikaota sugu. Akamtolea magitaa matatu ya mbao, yale yasiyohitaji umeme. Bei zake zilikaribiana, kwa hiyo mtu asije akanisingizia kwamba nahubiri habari za umaskini.

La kwanza lilikuwa kubwa. Lilikuwa na sauti nene ya kujaza kanisa, lakini nyuzi zake zilikaa juu mno, zinauma vidole, na tumbo lake lilimsukuma mkono mpaka bega likamwuma, lile bega alilobebea mikungu ya ndizi tangu kijana. Akalirudisha. Hapo hakukosea hata kidogo. Gitaa linalomtesa mpigaji hupigwa siku tatu, kisha hutundikwa ukutani likawa pambo.

La pili lilikuwa dogo, jembamba, limekatwa kiuno vizuri. Likamkaa kifuani kama mtoto aliyelala. Nyuzi zilikuwa chini kabisa. Ukizigusa tu zimeshuka. Ambakisye akafumba macho akapapasa wimbo taratibu, bega halilalamiki, vidole havilalamiki. La tatu lilikuwa la katikati, si kubwa si dogo, nyuzi zake juu kidogo.

"Hili la katikati litakusumbua wiki mbili," Gwakisa akamwambia. "Nitakukwangulia hiki kimfupa kinachoinua nyuzi, zishuke kiasi, vidole vitazoea. Lile dogo ni tamu kulishika, sikatai. Lakini ukilipiga kwa nguvu nyuzi zinagonga vyuma vya shingoni, linakoroma. Na wewe hutasikia sana, maana utakuwa unaimba, na tundu lake linatazama mbele. Atakayesikia ni aliyekaa mbele yako."

Kisha akamwomba jambo analowaomba wateja wake wote: amwite mtu wake, akae kwenye benchi pale, apigiwe magitaa yote mawili kwa nguvu, aseme alichosikia. Hata kama mtu huyo hajui gitaa. Hasa kama hajui.

Ambakisye akajibu, "Gitaa nitashika mimi. Wa kwenye benchi hashiki kitu."

Akanunua lile dogo.

Jioni ile ile wakalizindua nyumbani. Mama Tumpe akaimba ubeti mmoja, akasita. Chini ya wimbo kulikuwa na kitu kinavuma vibaya, kama inzi aliyefungiwa kwenye chupa. Tumpe naye akamtazama mama yake. Mama akasema taratibu, maana ni mwanamke mwenye staha, "Baba Tumpe, mbona kama linakoroma?" Naye akamjibu bila hasira yoyote, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, akamjibu kwa upole huku anatabasamu: "Mama Tumpe, tangu lini ukajua magitaa? Ninayeshika ni mimi, na linanikaa vizuri." Mkewe akanyamaza. Hakununa, hakubamiza sufuria. Ila jambo hilo hakuligusa tena.

Wiki ya pili akaona afadhali vyombo vioshwe saa ile ile ya wimbo, kabla giza halijaingia. Tumpe akawa na nguo za kupanga chumbani, bibi harusi hakosi kazi. Ikifika sala waliitikia "Amina" kutoka huko huko waliko. Ambakisye akapiga peke yake sebuleni, na nawaambia kweli, alistarehe. Bega haliumi, vidole haviumi! Pale alipozoea kupiga nyimbo tatu alipiga sita, na kadiri alivyozidi kupiga ndivyo kazi za jikoni zilivyozidi kuongezeka.

Mwezi wa tatu akanijia mimi, mwinjilisti wake, uso mzito. "Mwalimu, nyumba yangu imepoa. Mke wangu na mtoto hawataki tena ibada. Nimebaki na Mungu wangu peke yangu." Alikuwa anaumia, msidhani anaigiza. Alitaka watu wake warudi, na hakujua kilichowafukuza. Nami, Bwana anisamehe, sikuuliza swali hata moja. Nilivaa koti, nikaenda, nikamkalisha yule mama nikamsema. Maandiko nilimfungulia, tena kwa kidole. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia, mwalimu," akanimiminia chai. Na chai yenyewe niliinywa! Nikaondoka najiona nimefanya kazi ya Mungu. Nikiikumbuka ile chai naona haya hata kusimama hapa mbele yenu.

Siku ya kumuaga Tumpe ikafika. Turubai limefungwa uani, ukoo umejaa, wakwe wamekuja kutoka Kyela na nguo zao za sare. Ambakisye akatoka ndani na gitaa lake amelifuta likang'aa, akavuta kiti ili apige. Wazee wa ukoo wakamzuia. Wakamwambia, ebo, baba wa binti hapigi siku kama hii. Baba anakaa mbele na mkewe, anapigiwa, apate kulia kwa nafasi. Hakuweza kubishana nao mbele ya wakwe. Akampa gitaa shemeji yake Lusajo, mdogo wake Mama Tumpe, ambaye kwa kupiga anamzidi mbali. Akakaa. Na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa mbele ya gitaa lile.

Tumpe alikuwa amesimama mlangoni na mama zake wadogo, akingoja wimbo wake ili atoke. Lusajo akaanza. Gitaa likakoroma. Akakaza mkono, likazidi. Akalegeza, akapiga taratibu, likawa halifiki hata mstari wa pili wa viti. Watu wakaanza kutazama miguu yao. Ubeti wa pili Lusajo akaweka kiganja juu ya nyuzi, akaendelea kwa mdomo, na akina mama wakamwokoa kwa kuimba kwa nguvu. Tumpe akatoka nyumbani kwao akiimbiwa, ndiyo, ila kile alichokiomba, kimoja tu katika maisha yake yote ya pale, kilikuwa kimelazwa kwenye kiti. Nilimwona akikitazama alipopita. Baba yake hakumtazama. Nadhani alijua wakitazamana wote wawili hawataweza.

Ambakisye akamgeukia mkewe, uso umemshuka. Akamwuliza, "Limeanza lini kulia hivi?"

Mama Tumpe hakupandisha sauti. "Tangu siku uliyolileta."

Ambakisye akainama pale pale, mabega yanatikisika, na wageni wakadhani anamlilia binti. Mimi nilikuwa kiti cha tatu kutoka kwake, nimesikia yote, natafuta pa kuuficha uso wangu na hapakuwepo.

Wiki iliyofuata walikwenda tena kwa Gwakisa, safari hii wakaingia wote wawili. Mama akakaa kwenye benchi, akayapa magitaa kisogo asije akavutwa na linalong'aa, akapigiwa. Akachagua lile la katikati, na hakuhitaji kusikia mara mbili. Kimfupa kikakwanguliwa. Ambakisye alilalamikia vidole wiki mbili, kama alivyoambiwa, kisha vikazoea na bega nalo likazoea. Siku hizi ukipita pale jioni utasimama, maana mama anaimba. Sauti ya pili haipo. Tumpe yuko Kyela, ana mji wake, anawaheshimu wazazi wake na anawapigia simu kila Jumapili. Lakini binti huagwa mara moja.

Ndugu zangu, sikuja kuwafundisha kununua gitaa, ingawa siku ukienda kununua, fanya kama Gwakisa alivyosema: ukishalishika, mkalishe mtu wako mbele, umpigie kwa nguvu, aseme alichosikia. Nasema juu ya hivi tunavyovishika sisi wakubwa. Nyumba tunaishika. Ofisi tunaishika. Kanisa hili nalo wengine wetu tumelishika mpaka tumelikumbatia kifuani. Kila mmoja wetu anapima kwa bega lake: likikaa kimya, anasema mambo ni mazuri. Ambakisye hakuwa mtu mbaya, hakumpiga mtu wala hakumtukana mtu. Alikuwa amestarehe tu, na hakumwita mtu wa benchi.

Jioni ile baada ya kumuaga Tumpe nilikwenda nyumbani nikamkalisha mke wangu, nikamwuliza ninavyosikika mimi. Kwanza alinitazama kuona kama nataka kweli. Kisha akaniambia mambo matatu. Hayo si yenu.

Lenu ni hili: nyumbani kwako, ni nani aliyekuambia mara moja, ukamjibu vizuri tu, na tangu siku hiyo hajasema tena?