Mapigo ya Salamu ya Mzee Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na wakwe wa kuwasumbua kama sisi tu, nchi nzima ilishikwa na mchezo mmoja: gofu. Mpira mdogo, fimbo ndefu, shimo huko mbali. Anayeufikisha mpira shimoni kwa mapigo machache ndiye mshindi. Waliokuwa hodari hawakulima wala kufuga. Gofu ndiyo ilikuwa kazi yao, na nchi iliwalisha.

Katika hao wote, hakuna aliyepiga mbali kama Mzee Kifaru. Tusimnyime haki yake! Kifua kipana, shingo nene, mgongo kama ukuta wa boma. Akiinua fimbo, watazamaji walishika kofia zao. Paaa! Mpira unapaa, unakuwa mdogo kama punje ya mtama, unapotea. Hata Bi Twiga, aliyefanywa mwamuzi kwa ajili ya shingo yake, alilazimika kusimama kwa ncha za kwato ili aone ulikoangukia.

Mimi ningekuwepo, ningepiga makofi mpaka viganja viniwashe.

Sasa, katikati ya njia ya shimo la tatu palikuwa na kichuguu, na ndani yake aliishi Nguchiro na mkewe na watoto wanne, waliozaliwa juzi tu. Nguchiro naye alikuwa mchezaji, ila kimo chake hakikufika hata kwenye goti la Kifaru.

Siku moja mpira wa Kifaru uligonga kichuguu, du! Ukarudi nyuma. Kifaru akaja akivuma kwa hasira mpaka mlangoni.

"Hodi!"

"Karibu. Shikamoo, Mzee," akaitikia Nguchiro.

"Marahaba. Kichuguu hiki kinaniharibia mchezo. Kesho nakikanyaga. Hameni."

Mke wa Nguchiro aliachia mwiko ukaanguka. "Tuhamie wapi na vichanga hivi? Mwewe wako juu wanatungoja!"

Kifaru akageuza kichwa. Alikuwa anaangalia mpira wake.

Nguchiro akasogea mbele ya mkewe. "Mzee, ugomvi wa uwanjani huamuliwa uwanjani. Kesho tucheze mashimo matatu, mimi na wewe. Nikishindwa, tunahama kabla jua halijatua. Nikishinda, kichuguu kinabaki."

Kifaru akacheka, ho, ho, ho! Hata ndege waliokaa mgongoni wakaruka. "Wewe? Unishinde mimi? Haya, bwana mdogo. Kesho!"

Akaenda zake. Mke akamgeukia mumewe. "Baba watoto, umepatwa na nini? Pigo lake moja ni mapigo yako matatu!"

"Najua."

Usidhani Nguchiro alikuwa mnyonge, wanangu. Kila alfajiri aliuzunguka uwanja mara kumi kwa mbio. Kisha anachukua konokono, analigeuzia jiwe mgongo, anamrusha kinyumenyume kati ya miguu yake, twaa! Gamba linapasuka. Nguchiro wote huvunja magamba hivyo, lakini yeye alirusha mara mia kila siku, kwa sababu aligundua kwamba mpira wa gofu hautumwi na mikono tu, unatumwa na kiuno. Mwili wake haukuwa na mafuta hata ya kukaangia yai. Kwa kimo chake, hakuna aliyempita. Ila mdogo ni mdogo.

"Mke wangu," akasema, "wale ndugu zangu wa ng'ambo ya mto ni wangapi?"

"Arobaini na watatu. Na wote ni walafi."

"Waite. Lakini wasije kwa kundi. Waje mmoja mmoja."

Uwanja ule ulikuwa na desturi yake. Mgeni akifika kabla ya mchezo, kila mchezaji humpigia pigo moja la salamu. Kumnyima mgeni pigo lake ni kumtukana.

Asubuhi jua halijapanda, akatokea nguchiro mmoja, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. "Shikamoo, Mzee Kifaru! Nimetembea njia nzima nije nione pigo lako!"

Kifaru akatabasamu, akainua fimbo. Paaa!

"Lo! Salaale! Limefika mbinguni!"

Nguchiro naye akatoa salamu yake. Tik. Mpira ukabingirika hatua mbili, ukasimama palepale alipotaka.

Akaja wa pili, anahema. "Jamani, nimechelewa! Nimelikosa?"

"Hujalikosa," akasema Kifaru. Paaa!

Tik, akafanya Nguchiro.

Akaja wa tatu. Akaja wa nne, akisema mama yake mgonjwa amemtuma akamsimulie. Paaa! Paaa! Alipofika wa kumi na tano, jasho lilikuwa linamtiririka Kifaru puani.

Bi Twiga akainamisha shingo. "Mzee, pigo la salamu linaweza kuwa dogo. Desturi haikatazi."

"Dogo? Watu watoke ng'ambo ya mto waje waone dogo?"

"Kweli, Mzee," akasema Nguchiro kwa upole, "wangesikitika sana."

Ehe! Mnaona? Paaa! tena. Wa ishirini, wa thelathini. Na ninyi mkisikia sifa mnakuwa hivyohivyo, msinicheke. Alipofika wa arobaini na tatu, pigo lilikuwa "pa" tu, na ulimi wa Kifaru ulikuwa nje.

Priii! Bi Twiga akapuliza kipenga. Mchezo ukaanza.

Shimo la kwanza, Kifaru alishinda. Ndiyo, alishinda, pamoja na uchovu ule! Nani mwingine angeweza? Shimo la pili, mpira wake ukaangukia kwenye miba, na Nguchiro akalichukua. Kila mmoja ana shimo moja. Likabaki la tatu, lenye kichuguu katikati.

Mke wa Nguchiro alisimama mlangoni, watoto kifuani, mizigo imefungwa tayari.

Kifaru akavuta pumzi. Akakusanya kila kilichobaki mwilini. PAAA! Mpira ukapita juu ya kichuguu, ukaenda, ukaenda, ukatua hatua tatu tu kutoka shimoni. Uwanja ukalipuka kwa vifijo. Hata Nguchiro alipiga makofi, maana kizuri ni kizuri.

Kisha akapiga lake. Twaa! Theluthi ya njia. Twaa! Theluthi nyingine. Twaa! La tatu likamfikisha hatua mbili kutoka shimoni. Kifaru alikuwa amepiga moja tu.

"Kazi imekwisha," akasema Kifaru. Pigo dogo tu lilihitajika. Lakini mikono ilikuwa imechoka, na katika salamu zote haikuwa imepiga dogo hata moja. Pa! Mpira ukalipita shimo, ukateremka mteremko, chubwi! Ukaingia kwenye dimbwi la matope. Akaufuata humo. Pwaa! Matope. Pwaa! Matope tena. Mapigo manne, na bado yumo dimbwini.

Nguchiro akasimama juu ya mpira wake. Hatua mbili. Umbali huo alikuwa ameupiga mara arobaini na tatu siku hiyohiyo.

Tik.

Mpira ukabingirika, ukachungulia ukingo wa shimo, ukatumbukia.

"Nguchiro!" akatangaza Bi Twiga. "Kichuguu kinabaki!"

Mke akaketi chini palepale, akalia kwa furaha. Kifaru akatoka dimbwini, akawatazama wale wageni waliokuwa wanarukaruka.

"Wale wote ni jamaa zako?"

"Wote, Mzee."

"Umenichosha makusudi!"

"Niliwaita wageni, Mzee. Ukubwa wa pigo ulichagua mwenyewe."

Kifaru akamsogelea, matope yakimdondoka. Kila mtu akaogopa. Kisha akauinamisha ule mwili mkubwa mpaka macho yake yakakutana na ya Nguchiro.

"Bwana mdogo," akasema taratibu, "nifundishe hilo la tik."

Nguvu ni neema, wanangu, ila anayezimwaga zote kwa ajili ya sifa huzikosa saa ya kazi.