Kadi ya Cherehani

Sogeeni niwape kesi. Mimi imenishinda, labda nyinyi mtaiweza.

Bi Mwanaisha wa Malindi ni fundi wa nguo, na cherehani yake ilikufa wiki tatu kabla ya Idi. Sandukuni alikuwa na kitambaa cha hariri alichoachiwa na marehemu mumewe, kinachotosha vazi moja tu. Akawaambia wanawe watatu, "Atakayenipatia cherehani, kitambaa cha baba yenu nitamshonea yeye."

Twalibu ni mchoraji. Huwachorea watu wa ng'ambo kwa kompyuta, nao humlipa kwa sarafu za mtandaoni. Alizitoa zote, asibakize hata moja. Lakini duka la cherehani la Mombasa halikutaka hata kuzisikia.

Nuru hatapeliki. Alitafuta mtandao unaouza kadi za zawadi kwa sarafu hizo. Wa kwanza aliugundua ni wa wezi, na wa pili vilevile. Kwenye wa tatu alinunua kadi ndogo ya kujaribia, ikakubali, ndipo akanunua kadi kubwa ya duka lenyewe. Akamtumia mama picha ya kadi hiyo, namba ya siri ikiwa wazi, na dukani yeyote mwenye namba hiyo ndiye mwenye pesa.

Kwao zawadi ya mtoto huonyeshwa watu. Bi Mwanaisha akaiweka picha kwenye kundi la ukoo, mbele ya watu themanini na wawili, akaandika, "Wanangu wamenitunza."

Zuhura, msusi wa Mombasa, ana mbio. Alipoiona ile picha alimwacha mteja na kichwa nusu, akakimbia hadi dukani, akachukua cherehani. Hajatoka mlangoni, simu ya duka ikalia. Muuzaji akasikiliza, kisha akasema, "Umechelewa, ndugu yangu. Kadi hiyo imeshatumika."

"Bila sarafu zangu mngenunua nini?" akauliza Twalibu siku cherehani ilipofika.

"Ungezipika ule?" akajibu Nuru.

"Nyote mngekuwa mnalia," akasema Zuhura. "Na mteja wangu hajanisamehe mpaka leo."

Bi Mwanaisha alicheka nao, lakini moyo ulimuuma. Kila mmoja alitamani kuvaa kitu cha baba, naye hakutaka yeyote aondoke akidhani amependwa kidogo. Kukigawa mara tatu ni kukiharibu.

Idi ni keshokutwa. Hariri imetandazwa mezani, na mkasi uko mkononi mwake. Haya, wewe uliyekaa kimya muda wote: ungemkatia nani?