Kindi, Kiboko na Gemu Isiyofunguka

Paukwa.
Pakawa.
Palipo na waya?
Pana umeme.
Palipo na umeme?
Pana foleni.
Foleni ya nini?
Ya kushika pedi!

Basi sogeeni. Anayeweza kukaa akae, asiyeweza asimame, maana hata mimi hadithi hii siwezi kuisimulia nikiwa nimekaa. Miguu inanitekenya tangu asubuhi.

Hapo zamani, lakini si zamani sana kwa sababu sola zilishafika, katika Bonde la Matete aliishi Kindi. Kindi huyu hakujua kutulia. Ukimwita anageuka, na kabla hujasema ulichomwitia ameshageuka tena. Akiwa na karanga mdomoni, macho yako kwenye nyingine. Na mkia wake ndio usiseme. Mkia huku, mkia kule. Mkia huku, mkia kule. Akilala anajigeuza kwenye tundu lake mpaka majirani wa tawi la chini wanagonga mti wakimwomba awaonee huruma.

Kitu kimoja tu kilimtuliza. Kando ya bwawa palikuwa na kichuguu kikubwa. Juu yake wanyama walifunga sola, na chini yake kulikuwa na soketi. Soketi moja tu. Hapo ndipo Kindi alipochomeka gemu yake ya zamani, ile ya kaseti, pamoja na TV ya chogo, ile nene ya kizamani, nyaya zao amezisokota mwenyewe zikawa waya mmoja. Pedi za kuchezea zilikuwa mbili, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli pale zilipokatika. Picha zake zilikuwa viboksi viboksi, na kama unataka kujua hii ni kamba au ni nyoka, inabidi umuulize mwenye gemu.

Ndani yake kulikuwa na panzi. Panzi anakimbia, panzi anaruka shimo. Panzi anakimbia, panzi anaruka shimo. Ti-ti-ti-tuu. Gemu yenyewe ndiyo hiyo, hakuna zaidi. Ukitumbukia shimoni unampa mwenzako pedi, unarudi nyuma ya foleni. Ikileta chenga, picha ikageuka mchanga mtupu, Kindi anachomoa kaseti, anaipuliza, fuu, anairudisha, tak, na panzi huyo anakimbia.

Kindi akishika pedi, mkia ulitulia. Ulilala mgongoni pake kimya, na moyo wake ulipata nafasi ya kupumua. Alikuwa mnyama mwenye furaha kwa muda ule ule ambao panzi hajatumbukia.

Siku moja ardhi ikatikisika. Gu, gu, gu. Nani huyo? Kiboko. Mgongoni amebeba TV bapa, pana kama mlango, na kwapani ana mashine nyeusi inayong'aa.

"Shikamoo, Mjomba," akasema Kindi, macho yako kwa panzi.

"Marahaba. Chomoa."

"Nichomoe nini, Mjomba?"

Kiboko akanyoosha mguu. Chwap, akachomoa mwenyewe. Panzi akafia hewani, hata shimo hajalifikia.

"Yaani hivi viboksi ndivyo mnavyocheza mpaka leo?" Kiboko akawauliza waliokuwa kwenye foleni. "Mimi nimeleta gemu ya kisasa. Ndani kuna nyasi. Nyasi zina umande. Umande ukidondoka unauona. Kuna kiboko anatembea, na ukimwangalia vizuri unaona mpaka vinyweleo vya masikio."

Vifaranga vya Mama Kanga vikasema, "Oooo."

"Tunacheza lini?" akauliza Kindi.

"Sasa hivi. Anayetaka kucheza alete majani. Mzigo mmoja, zamu moja."

Mbio, wanyama wakaenda kukata majani, wakaleta. Kiboko akala, kwacha kwacha. Mashine ikanguruma, vuuuuu. Kwenye TV pakatokea maneno: Inapakua. Subiri. Na chini ya maneno kiduara kikawa kinazunguka.

Kiduara kikazunguka, Kiboko akatafuna. Kiduara kikazunguka, Kiboko akatafuna. Majani yakaisha.

"Bado?" wakauliza wanyama.

"Bado kidogo. Leteni mengine."

Mbio, wakaleta mengine. Kwacha kwacha. Kiduara kikazunguka. Jua likazama, sola ikalala, kila mtu akaenda kwake hajashika kitu. Kesho yake yakawa yale yale. Inapakua, subiri, leteni mengine. Keshokutwa yakawa yale yale.

Hatimaye, mchana mmoja, gemu ikafunguka.

Jamani, ilikuwa nzuri. Siwadanganyi. Kindi mwenyewe alining'inia kwenye tawi mdomo wazi. Nyasi zilipepea, umande ulidondoka, na kwa mbali kulikuwa na milima ambayo ungetamani uiendee kwa miguu yako. Kindi alikiri moyoni kwamba kitu kizuri namna ile hakuwahi kukiona, na wivu ukamuuma. Kiboko akaikandamiza pedi kwa mguu wake, vitufe vyote kwa pamoja. Yule kiboko wa kwenye TV akapiga hatua. Hatua moja. Kisha pakatokea maneno: Toleo jipya limepatikana. Inapakua. Subiri.

"Kuna toleo jipya," Kiboko akawatangazia kwa sauti ya mtu aliyepata mjukuu. "Leteni majani."

Mama Kanga akajikaza, akasogea. "Bwana Kiboko, nyasi zangu za kutagia zimeisha zote. Na watoto wangu hawajashika pedi hata mmoja."

Kiboko akafungua kinywa. Alikifungua polepole, mpaka jino la mwisho likaonekana. Mama Kanga akakumbuka kwamba ameacha chungu motoni.

Mpo?

Tupo!

Wewe mbona unajigeuzageuza? Haya, na mimi pia. Twende.

Hali ya Kindi ikawa mbaya. Mkia huku, mkia kule. Hakula, hakulala. Alikaa juu ya tawi na pedi yake mkononi, waya unaning'inia haujachomekwa popote, akawa anabonyeza. Tik tik, tik tik. Panzi hayupo, shimo halipo, anabonyeza tu. Alijionea huruma na alijionea aibu, lakini vidole havikusikia.

Akashuka. "Mjomba, wakati yako inapakua, niachie soketi kidogo tu."

"Ikichomolewa inaanza upya," akasema Kiboko. "Halafu nisikilize vizuri. Takataka yako nimechoka kuiona hapa. Kesho jua likisimama juu ya kichuguu naitupa bwawani, yenyewe na kaseti zake. Pale ilipo nataka niweke kidevu."

Kindi akarudi kwenye tundu lake akajigeuza mpaka kulipokucha. Safari hii majirani hawakugonga mti, maana nao walikuwa wanajigeuza.

Asubuhi akaja akiburuta mzigo wa majani mororo, yale ya ukingoni mwa maji, mkubwa kuliko yeye. Akamkuta Kiboko ameikodolea macho TV. Kindi akaikodolea pia. Kile kiduara kilikuwa kimesimama. Hakizunguki. Kiboko alikuwa amekiona tangu jua lilipochomoza na sola kuamka, hakumwambia mtu.

"Mjomba, naona kimepumzika."

"Kinafikiri," akasema Kiboko.

"Basi kikiwa kinafikiri, nina ombi. Mzigo huu ni wako. Niachie soketi kwa muda wa kuutafuna. Ukimeza kabla panzi wangu hajaruka, itupe gemu, na mimi nitupe nayo. Sitapiga kelele."

Kiboko akayatazama majani. Mate yakamtoka. Akaitazama TV, kiduara kimya. "Sawa. Lakini mimi natafuna haraka."

Kindi akachomeka. TV ya chogo ikapasha joto, ikapasha joto, kisha ikasema chhhhhh. Chenga tupu.

"Umekwisha," akasema Kiboko, shavu limejaa. Kwacha kwacha kwacha.

Kindi akachomoa kaseti. Fuu. Tak. Chhhhhh. Nusu ya mzigo ilishaingia. Mama Kanga akafumba macho. Kindi akachomoa tena. Mara hii hakupuliza haraka. Alivuta pumzi, akaipitisha kaseti mdomoni kutoka upande mmoja hadi wa pili, taratibu. Fuuuu. Tak.

Ti-ti-ti-tuu. Panzi huyo. Panzi anakimbia, panzi anaruka shimo.

Kiboko akaacha kutafuna. "Umeifanyaje?"

"Nimeipuliza, Mjomba."

"Kuipuliza tu?"

"Kuipuliza tu."

"Ilikuwa imekufa na sasa imeamka."

"Umeona mwenyewe."

Kiboko akaigeukia mashine yake nyeusi, akaigeukia kaseti, akaigeukia mashine yake tena. "Kwa hiyo gemu ikikwama inapulizwa. Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

Kindi hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Yangu ni ndogo, Mjomba, na pumzi zangu ni ndogo, ndiyo maana zinatosha. Gemu kubwa kama yako mimi sijawahi kuwa nayo. Hata sidhani kama bonde hili lina mwenye pumzi za kuitosha."

"Bonde hili?" Kiboko akacheka mpaka majani yakamtoka puani. "Bonde hili unalijua wewe? Sogea."

Chwap, akachomoa ya Kindi. Akachomeka yake. Vuuuuu. Kiduara kikatokea, kikasimama pale pale. Kiboko akaigeuza mashine, akaona nyuma matundu yanayotoa joto, akaridhika kwamba ndiyo yenyewe. Lakini pumzi za kiboko hazikai nchi kavu. Akaingia bwawani, gu, gu, chubwi, akazama. Povu likapanda. Wanyama wakasogea nyuma. Kindi akakusanya gemu yake, TV yake na kaseti zake, akaziburuta hadi nyuma ya kichuguu.

Kiboko akaibuka mashavu yamevimba, akaiwekea mdomo mashine kwenye yale matundu, akapuliza.

FUUUUUUU.

Zikatoka pumzi. Yakatoka maji. Likatoka tope, yakatoka majani mororo aliyokuwa hajayameza, na mwisho kabisa akatoka chura ambaye hakuwa na habari na lolote.

Chrrr, ikasema mashine. Chrrr. Pa. Moshi mwembamba ukapanda. TV bapa ikawa nyeusi, na kile kiduara kikapotea moja kwa moja.

Chura akajifuta uso.

"Mbona haiamki?" akauliza Kiboko.

Kindi alikuwa ameshapanda tawi la juu. "Labda inapakua, Mjomba. Subiri."

Kiboko akafikiri, akaona ni kweli. Akarudi majini, kwa sababu jua lilikuwa kali na yeye ngozi yake haipendi jua, akazama mwili wote, akaacha nje macho, ili aione TV ikiwaka, na masikio, ili aisikie. Pua nazo akaziacha nje. Kila baada ya kitambo anakumbuka kwamba gemu ikikwama inapulizwa, na hapo anapuliza, fuuu, maji yanaruka. Nendeni bwawani mkamwangalie. Mpaka leo yuko vile vile.

Kindi akachomeka waya wake. TV ya chogo ikapasha joto. Hakuna aliyeambiwa alete majani. Ti-ti-ti-tuu, panzi anakimbia, na ule mkia ukapanda mgongoni ukalala, mara ya kwanza tangu Kiboko aje. Kindi aliusikia umetulia. Machozi yakamlenga, akashindwa kuona mbele, na panzi akatumbukia kwenye shimo la kwanza kabisa.

Vifaranga vikamtazama.

Utaratibu ni utaratibu. Kindi akampa kifaranga wa kwanza pedi, akaenda kusimama nyuma ya foleni, nyuma ya yule chura. Mkia huku, mkia kule. Mkia huku, mkia kule.

Fundisho la hadithi hii, watoto wangu, lisikilizeni vizuri, ni subira. Msiwe kama Kindi, mnyama asiyetulia, ambaye alipata alichotaka siku ile ile. Kuweni kama Kiboko. Amesubiri jana, anasubiri leo, kesho atasubiri, na hajalalamika. Vilevile muache mambo ya zamani, maana yamepitwa na wakati, isipokuwa yanapofanya kazi. Na michezo ya TV ni upuuzi mtupu, mtu mwenye akili zake hapotezi muda huko.

Hadithi nimeizima. Ikiwafaa kaeni nayo, isipowafaa irudisheni nilipoitoa, na ikiwakwama njiani ipulizeni.

Sasa nani ana pedi? Ilikuwa zamu yangu.