Upawa wa Bi Shumbana

Hapo zamani, tena si zamani ya mababu, zamani hii hii ya zahanati na vidonge, alikuwepo Bi Shumbana, mpishi wa pilau za harusi. Shughuli asiyopika yeye, watu walirudi kwao wamenuna!

Basi presha ikampanda, moyo ukawa unamwenda mbio. Daktari wa zahanati akampa vidonge vya enalapril. "Meza kila siku, bibi, usiache." Akameza. Presha ikashuka, kikaja kikohozi. Kikavu, kho kho kho, hakina homa wala makohozi.

Wanawake jikoni wakaanza kusogeza vigoda. Bi Mgeni, aliyekuwa anamwoza bintiye, akamvuta pembeni: "Shoga, ukinikoholea sufuria, hupiki. Wageni watasema nawalisha kifua kikuu!"

Bila upawa, yeye ni nani?

Dada yake Kibibi akamnong'oneza: "Ni hivyo vidonge, we! Viache mpaka harusi ipite."

Akaviacha, kavifunga kwenye pindo la kanga. Mumewe akiuliza, "Umemeza?" "Nimemeza, baba, nimemeza!" Mwongo huyo!

Kikohozi kikaisha. Ila kisogo kikawa kinamgonga, na macho yakaona nzi weusi pasipo na nzi. Akaogopa. Akajifunga kanga kichwani, asimwambie mtu.

Siku ya harusi, mchele ndio unatiwa, upawa ukamtoka. Akauita mkono, mkono hauji. Akataka kusema, "Kibibi, nishike," mdomo ukaenda upande. Jamani! Aliwasikia wote wanavyopiga mayowe, naye yumo humo ndani, kama mtu aliyekomelewa mlango kwa nje.

Hakufa. Lakini hata uji ni wa kulishwa. Basi wakagombana pale pale kitandani, yeye anawasikia.

Kibibi: "Mimi nilisema mpaka harusi tu! Mgeni ndiye aliyemtia hofu."

Bi Mgeni: "Nilimkataza kukohoa, kumeza nilimkataza lini?"

Daktari: "Sikumwambia vinakohoza, nilijua akisikia ataviacha. Angerudi, ningembadilishia. Vipo visivyokohoza."

"Na yeye mwenyewe," Kibibi akalia, "mbona alificha?"

Bi Shumbana akafungua mdomo ajibu. Mate tu yakamtiririka.

Haya, bakuli la uji hilo, linapoa. Wamekubaliana aliyemwangusha ndiye amlishe. Je, kijiko mnampa nani? Na mkisema ni yeye mwenyewe, atakishika kwa mkono upi?